Moyo mzima, mapigo ya kutisha

Umelala ubavu wa kushoto, sikio limezama kwenye mto, nyumba imetulia. Unausikia moyo wako mwenyewe sikioni: du-dup, du-dup, du-dup. Halafu kimya. Kimya kifupi tu, hata sekunde mbili hakifiki, lakini kwako ni kama mtu amezima jenereta. Kisha linakuja pigo moja zito, DUP, mithili ya mtu anayegonga kifua kwa ngumi kutoka ndani. Unakaa kitako. Vidole viwili tayari viko shingoni vinatafuta mshipa. Na moyo, ambao muda mfupi uliopita ulikuwa unajiendea polepole, sasa unakimbia kweli.

Nimekaa kitandani namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ule ukimya ndio moyo kusimama, na lile pigo zito ndio moyo kuwaka tena kwa bahati. Nilikuwa nimelielewa jambo zima kinyumenyume.

Kila pigo la moyo huanzia kwenye kifundo kidogo cha chembe hai kilichopo kwenye chumba cha juu cha kulia. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza kifundo hicho mwaka 1907. Kinatoa cheche ndogo ya umeme, cheche inasambaa, misuli inajikamua, damu inasukumwa. Lakini chembe nyingine za moyo nazo zina uwezo wa kutoa cheche zao, na mara mojamoja mojawapo inakosa subira na kupiga kabla ya zamu. Pigo hilo la kuwahi, ambalo madaktari huliita pigo la ziada, linaukuta moyo bado haujajaa damu. Linasukuma kidogo mno. Hata ukiwa umejishika mshipa wa mkono huenda usilihisi. Baada yake moyo unakawia kidogo ukisubiri zamu ya kawaida irudi. Katika kukawia huko damu inaendelea kuingia, chumba kinajaa kuliko ilivyo kawaida, na pigo linalofuata linakuta mzigo mkubwa wa kusukuma. Linajikamua kwa nguvu. Hilo ndilo lililokuamsha.

Kwa hiyo pigo la kutisha ni lile lililo sawa kabisa. Lenye kasoro lilikwisha kupita bila wewe kujua.

Sasa piga hesabu. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unapiga mara 100,800 kwa siku. Fundi gani anafanya kazi moja mara laki moja kwa siku, bila kulala, asiwahi hata mara tano? Norman Holter, mtafiti wa Marekani, alipoanza miaka ya 1940 kutafuta namna ya kurekodi moyo wa mtu anayeendelea na shughuli zake, kifaa chake cha mwanzo kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Leo kifaa chenye jina lake kinatosha kiganjani. Watu wazima wenye afya wakivalishwa kwa saa 24, wengi wao hukutwa na walau mapigo machache ya ziada, na wengi hawakuyahisi hata moja. Tofauti kati yao na sisi tunaokaa kitako usiku mara nyingi haiko kwenye moyo. Iko kwa msikilizaji.

Presha, kiherehere, na jina la kitu chenyewe

Kiswahili tunachokitumia kila siku kinatuchanganya kidogo hapa. Moyo ukienda mbio, wengi wetu tunasema presha imepanda. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Mapigo ni hesabu ya mara ambazo moyo unajikamua kwa dakika. Ni vitu viwili. Unaweza kuwa na mapigo 120 na presha isiyo na tatizo, na presha ya juu yenyewe kwa kawaida haitoi dalili yoyote, ndiyo maana watu hukaa nayo miaka bila kujua. Anayeamini kwamba kila moyo ukidunda presha imepanda anajitwisha hofu ya ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza ambao nao hana.

Neno la zamani lilikuwa karibu zaidi na ukweli: kiherehere. Siku hizi tunalitumia kumsema mtu anayejipeleka mbele kwenye kila jambo lisilomhusu, lakini lina maana nyingine pia, ile ya moyo kupapa kwa wasiwasi. Naipenda maana hiyo kwa sababu inaweka vitu viwili mahali pamoja, moyo na wasiwasi, bila kulazimisha kwamba lazima kimoja kiwe kibovu.

Breki inayokanyagwa muda wote

Watu hudhani moyo wenye utulivu ni moyo ulioachwa peke yake. Sivyo. Kifundo kile cha umeme kikiachwa bila neva yoyote ya kukiongoza, kwa kijana mwenye afya kingepiga takriban mara 100 kwa dakika. Tunaishi na mapigo 60 au 70 kwa sababu kuna breki inayokanyagwa mfululizo: neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo, ikashuka shingoni, ikapita kifuani hadi tumboni. Kwa Kilatini jina hilo ni mzururaji, na kweli inazurura.

Maana yake ni kwamba mapigo yako yakitoka 68 hadi 95 kwa sababu simu imeita ghafla, huenda hakuna kilichoongezwa. Mguu umeinuka kwenye breki, basi. Kuinuka huko ni suala la sekunde moja. Mafuta yanafuata nyuma kidogo: neva za upande wa pili zinaamka, na tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Walter Cannon, mwanasayansi wa Marekani, aliichambua hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1915, mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia kabla mwenye mwili hajaamua lolote. Moyo unapiga haraka, tena kwa nguvu zaidi. Damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa, ngozi inapoa, kiganja kinatoa jasho. Na zile chembe zisizo na subira zinazidi kukosa subira, hivyo mapigo ya ziada nayo yanaweza kuongezeka wakati huohuo. Mtu akikuambia kwamba mapigo yake yanaruka akiwa na wasiwasi, hajayatunga. Yanaruka kweli.

Adrenalini ikishaingia kwenye damu hairudishwi kwa amri. Nusu yake huondolewa ndani ya dakika mbili tatu hivi, nusu ya iliyobaki katika dakika nyingine kama hizo. Ukiiacha, inakwisha. Hofu ya ghafla, hata ile kali kabisa inayomfanya mtu aamini anakufa, kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi na kuanza kushuka. Tatizo ni kwamba sisi hatuiachi. Kila dakika tunaikagua, tunashtuka upya, na tezi zinamwaga nyingine. Usiku wa saa mbili za moyo kwenda mbio mara nyingi si hofu moja ndefu. Ni hofu fupi ishirini zilizopangwa foleni.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliliweka hili wazi: mtu anahisi kitu mwilini, anakipa maana ya maafa, maana hiyo inazaa hofu, hofu inazidisha kile alichokihisi, na hicho kilichozidi kinakuwa ushahidi kwamba maafa ni ya kweli. Duara limefunga. Angalia kwamba hapo katikati pana kiungo kimoja tu ambacho si cha mwili, nacho ni ile maana. Ukipanda ngazi haraka mapigo yanafika 130 na huna habari, kwa kuwa sababu unaijua. Mapigo hayohayo 130 ukiwa umekaa kwenye kiti, yanakuwa taarifa ya msiba.

Ubongo kwa kweli ni msomaji wa moyo anayeweza kudanganywa kirahisi. Stuart Valins alilionyesha hili mwaka 1966 nchini Marekani. Aliwaonyesha vijana wa kiume picha za wanawake huku wakisikilizishwa sauti waliyoambiwa ni ya mioyo yao wenyewe. Sauti ilikuwa ya kubuni. Picha zilizoendana na mapigo kubadilika ndizo walizosema zinavutia zaidi. Moyo haukuwa umefanya lolote. Waliusikia, wakautafutia sababu. Sisi wa usiku wa manane tunafanya vivyo hivyo, ila sababu tunayoitafuta haina uzuri wowote.

Na jambo lenyewe si la kizazi hiki cha simu na haraka. Mwaka 1871 Jacob Mendes Da Costa, daktari wa Philadelphia, alichapisha maelezo ya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani waliolalamika moyo kudunda, kifua kuuma na pumzi kukatika, lakini akiwakagua haoni ugonjwa wa moyo wa kutosha kueleza hali hiyo. Vita Vikuu vya Kwanza vikaleta wengine kwa maelfu. Ilifika mwaka 1941 ndipo Paul Wood, daktari wa moyo jijini London, alipotoa hoja kwa urefu kwamba dalili zile zinafanana na za hofu kuliko za moyo. Miaka sabini imepita hapo katikati. Huwa nawafikiria wale askari: umetoka vitani, moyo unadunda, na kila daktari anakuja na kifaa chake kusikiliza kifua, anakunja uso, anaondoka kimya. Ungeaminije kwamba huna kitu?

Pima kwanza

Hapa lazima nisimame, maana neno "hayana madhara" halitolewi kwa kukisia, wala halitolewi na makala. Utafiti uliofanyika Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1996 ulifuatilia watu 190 waliokwenda kutibiwa kwa sababu ya mapigo ya moyo. Kwa 31 kati ya kila 100 chanzo kilikuwa upande wa akili, hasa wasiwasi na hofu. Kwa 43 kati ya kila 100 kilikuwa moyo wenyewe. Ndani ya mwaka mmoja waliofariki hawakufika wawili kwa kila 100, na hiyo ni habari ya kutuliza, lakini zile 43 zinatosha kumpeleka mtu kupimwa badala ya kujiambia ni mawazo tu.

Daktari atakuuliza maswali, atakupima kwa ECG, ile karatasi ya umeme wa moyo, na mara nyingi ataagiza damu. Anatafuta upungufu wa damu, kwa kuwa damu pungufu hulazimisha moyo kwenda haraka. Anaangalia tezi ya thairoidi, ambayo ikizidisha kazi humfanya mtu atetemeke, apungue uzito na moyo ukimbie, picha inayofanana na wasiwasi kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Homa, kuishiwa maji mwilini, ujauzito, kukoma hedhi, madini ya potasiamu kushuka, dawa za pumu za kuvuta na baadhi ya dawa za mafua ya kuziba pua, vyote viko kwenye orodha yake. Ikiwa moyo unakusumbua mara moja kwa wiki, kipimo cha dakika moja hakitakamata kitu, ndiyo maana hutolewa vifaa vya kuvaa kwa siku kadhaa au majuma.

Kuna msaada mmoja mdogo unaoweza kumpa daktari bila mashine yoyote: mgongee mezani. Usimwambie tu moyo wangu unaenda vibaya. Weka vidole juu ya meza na umwigizie. Mdundo ulionyooka unaokatizwa na pigo moja la kuwahi ni habari moja. Mdundo wa haraka usio na mpangilio kabisa, kama mtu anayemwaga punje kwenye sinia, ni habari nyingine. Na mapigo yanayowaka ghafla kama umewasha swichi, yakafika 150 au 200, kisha yakazima ghafla vilevile, ni ya tatu. Hayo ya tatu yanahitaji kurekodiwa hata kama mgonjwa ana wasiwasi, kwa kuwa nani asingekuwa na wasiwasi moyo ukipiga 190? Watu wenye tatizo hilo, hasa wanawake, wamewahi kuambiwa miaka na miaka kwamba wana hofu tu. Mapigo ya hofu kwa kawaida hupanda kama mlima na kushuka kama mlima. Hayawi kama swichi.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi. Kuzimia, hasa ukiwa kwenye mazoezi au kazi nzito. Maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa. Kukosa pumzi kusikoisha ukitulia. Moyo unaobaki juu sana ya kawaida wakati umepumzika na haushuki. Au ikiwa una ugonjwa wa moyo unaojulikana, au katika ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Hapo nenda, na usiache kwenda kwa kuona aibu kwamba huenda ni wasiwasi.

Ukishapimwa vizuri na kuambiwa moyo ni mzima, hilo jibu lichukue kama jibu. Nasema hivi kwa sababu nilifanya kinyume. Nilirudi. Nikabadilisha daktari. Karatasi ya kwanza ya ECG ilinituliza kwa siku nne, ya pili kwa siku mbili, ya tatu niliitilia shaka nikiwa bado nateremka ngazi za zahanati: je, walipima kabla pigo halijaruka? Utulivu wa kununuliwa kwa vipimo unapungua thamani haraka. Sababu nzuri ya kurudi ni dalili kubadilika sura. Kuisahau ile karatasi si sababu.

Sekunde mbili za kwanza

Pigo likiruka, huwezi kulizuia, limekwisha kutokea. Unachoweza kukigusa ni kile kinachofuata mara tu baada yake. Mimi hujisemea neno moja, limewahi. Si sala wala si uganga; ni maelezo mafupi ya kilichotokea, pigo limewahi, na linakaa kwenye ile nafasi ambayo zamani ilikuwa inajazwa na "nakufa". Mwanzoni nilikuwa nalisema huku siamini. Linafanya kazi hivyohivyo, polepole.

Kinachofuata ni pumzi, na hapa ushauri wa kawaida wa "vuta pumzi ndefu" una mtego. Mtu mwenye hofu tayari anavuta hewa nyingi kuliko anavyohitaji. Akiongeza, anapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu kupita kiasi, na matokeo yake ni vidole na midomo kuwasha kama vimepitiwa na sisimizi, kichwa kuwa chepesi, kifua kubana. Halafu anaongeza hizo kwenye orodha ya dalili za moyo. Sehemu inayotuliza ni kutoa. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa breki ya vagasi inakanyagwa na moyo unapungua; hata sasa hivi unaweza kushika mshipa wa mkono ukalisikia hilo, japo baada ya kulisikia mara moja inatosha. Kwa hiyo vuta kwa pua, kiasi cha kawaida tu, kwa hesabu ya nne, kisha itoe taratibu kwa hesabu ya sita, kama unapoza kitu cha moto. Hiyo inakupa pumzi sita kwa dakika. Dakika tano za namna hiyo zina faida kuliko saa nzima ya kujikemea utulie.

Ila usiifanye pumzi kuwa jaribio jingine. Ukihesabu huku ukichungulia kama moyo umeshuka, umerudi kulekule kwenye ukaguzi.

Ukaguzi ndio mafuta ya ugonjwa huu, na sijui kama kuna chombo kilichowahi kuurahisisha kuliko saa janja. Nilikuwa nayo. Ilinionyesha 74, nikafurahi. Ikaonyesha 88, nikajiuliza kwa nini 88, na kwa kujiuliza ikawa 97. Saa ile haikuwa na kosa, ilikuwa inasoma sawasawa wasiwasi iliouzaa yenyewe. Kwa walioelekezwa na daktari kufuatilia moyo, hicho ni chombo cha kazi. Kwa mwenye moyo mzima na hofu nyingi, droo ni mahali pake pazuri. Sikuweza kuacha kushika shingo kwa siku moja. Nilianza kwa kujicheleweshea: ikinijia hamu ya kujipima, nasubiri dakika kumi. Mara nyingi kabla ya kumi kuisha nilikuwa nimeshika kitu kingine. Na kutafuta dalili kwenye simu saa tisa usiku, hilo nimelipiga marufuku kabisa. Sijawahi kuamka nikashukuru kwa nilichosoma saa tisa usiku.

Kisha kuna jambo ambalo mwenye hofu hulichukia akilisikia mara ya kwanza: kuuendesha moyo mbio kwa makusudi. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo hulitumia, na mantiki yake ni ileile ya Clark. Ikiwa ubongo umejifunza kwamba mapigo ya kasi ni hatari, hauwezi kufundishwa kinyume kwa maneno. Unahitaji kuyaona mapigo ya kasi yakija na kuondoka mara nyingi bila maafa. Unakimbia palepale uliposimama kwa dakika moja. Unasimama. Husikilizi muziki, hukai chini upesi, hushiki shingo. Unauacha moyo udunde na unautazama ukishuka wenyewe. Fanya hivyo baada ya daktari kukuruhusu, na kama hofu yako ni kubwa, fanya na mtaalamu. Siku ya kwanza nilikimbia sekunde ishirini nikaacha nikitetemeka. Wiki ya tatu nilikuwa naona uvivu tu.

Mazoezi ya kawaida yanafanya kazi hiyohiyo kwa njia ya kuzunguka, na kwa miezi yanaiimarisha ile breki, mapigo ya mapumziko yakashuka. Watu wengi wenye mapigo haya huacha kabisa kutembea haraka au kupanda ngazi wakidhani wanauhifadhi moyo. Moyo usiotumika unakimbia upesi zaidi kwa kazi ndogo, na hapo unampa mwenyewe sababu mpya za kuogopa.

Kahawa? Jibu si jepesi kama tulivyozoea kuambiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwavalisha watu 100 vifaa vya kurekodi moyo, siku nyingine wakanywa kahawa na siku nyingine wakaiacha. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, na usingizi ulipungua. Watu wanatofautiana. Iache wiki mbili uone, kisha uamue kwa moyo wako na si kwa moyo wa jirani. Pombe na sigara sina haja ya kuvizungukia: vyote viwili huuchokoza moyo, na pombe ina ujanja wa kukutuliza jioni kisha kukuamsha usiku wa manane ukiwa na mapigo ya juu. Usingizi mbovu nao unatosha peke yake.

Na ikiwa kulala ubavu wa kushoto ndiko kunakokusumbua, geuka. Ukilalia kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na kila pigo linasikika zaidi. Niliona aibu kidogo nilipogundua kwamba nusu ya usiku wangu mbaya ungetatuliwa kwa kugeuka kulia.

Hayo yakishindikana, au wasiwasi ukiwa umeshika maisha yote na si moyo peke yake, kuna msaada wa kitaalamu. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo ndiyo yenye ushahidi mwingi kwa hofu ya ghafla. Zipo dawa za wasiwasi zinazotumiwa kila siku, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla hujaona nafuu, na zipo dawa kama propranololi zinazozuia adrenalini isifike kwenye moyo. Hizo za pili si za kuazimana: mwenye pumu zinaweza kumbana kifua vibaya. Daktari ndiye wa kuamua.

Sijagusa bado mtu aliyelala pembeni yako, anayeamshwa na wewe kukaa kitako. Naye ana hofu yake. Akikuuliza kila dakika "vipi sasa, bado?" anakukaguza. Akikuambia "acha mawazo", anakuacha peke yako nayo. Aliyenisaidia mimi ni dada yangu mkubwa, nilipokuwa nakaa kwake. Usiku mmoja alinikuta sebuleni nimejishika shingo, macho kwenye saa ya ukutani. Hakuniuliza chochote kuhusu moyo. Alileta beseni la nguo zilizokauka akaliweka kati yetu.

"Haya mdogo wangu, shika pembe hiyo ya shuka."

"Dada, moyo unaruka."

"Nimekusikia. Kunja huku unaruka."

Tukakunja. Shuka mbili, kanga, sare za watoto, soksi ambazo hazikuwa na wenzake. Akanisimulia ugomvi wa watoto kuhusu soksi hizo, nikacheka, nikamtetea mdogo. Beseni lilipobaki tupu niliangalia ile saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu tuanze, nikaona ni saa nane na robo, na nikajikuta nawaza tu kwamba nimechoka.